Mshiko wa Kibao

Upo usemi unaorudiwa katika viwanja vya shule zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe: mpira wa meza ni kipaji, basi mwache mtoto ashike kibao apendavyo. Usemi huu una sura ya wema, lakini ndani yake mna dhuluma. Nivumilie nikiupinga, maana anayedhulumiwa ni wewe mwanafunzi.

Tazama hali ilivyo. Meza moja hugombewa na wanafunzi wengi, na zamu ya kila mmoja ni dakika chache. Aanzaye kwa mshiko mbaya huzitumia dakika hizo kuuzoeza mkono kosa. Muhula ukiisha, mpira wa upande wa kushoto humshinda, naye huambiwa hana kipaji. Huondoka mezani akiliamini neno hilo. Kipaji hakukikosa, alikosa mafunzo.

Mshiko wenyewe si fumbo. Nyosha mkono kama unayempa mgeni mkono, kisha upokee kibao badala ya kiganja chake. Vidole vitatu vya mwisho viuzunguke mpini. Kidole gumba kilale upande mmoja wa kibao, karibu na mpini. Kidole cha shahada kilale upande wa pili, kikiufuata ukingo wa chini. Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kukipeleka kidole cha shahada katikati ya kibao, kama mtu aonyeshaye njia. La pili ni kukaza ngumi kama ashikaye panga. Mpira una uzito wa gramu 2.7 tu, haufyekwi. Ngumi iliyokazwa hukifunga kifundo cha mkono, na kifundo kikifungwa, mpira hauzungushiki. Mkamia maji hayanywi.

Wako wengine ambao kosa lao ni kinyume cha hilo. Humfundisha mwanafunzi mshiko mmoja wa pigo la kiganja, mwingine wa pigo la mgongo wa mkono, na mwingine tena wa kukata mpira. Hawa nawauliza: ataugeuza saa ngapi? Meza ina urefu wa meta 2.74, na mpira uliopigwa kwa nguvu huivuka kwa muda usiofika nusu sekunde. Mshika mbili moja humponyoka. Mshiko na uwe mmoja. Kibadilikacho ni mkazo wa vidole. Katika pigo la kiganja, kidole cha shahada hukitegemeza kibao kwa nyuma. Katika pigo la mgongo wa mkono, kazi hiyo huwa ya gumba, nalo huweza kupanda kidogo. Katika kukata, uso wa kibao huinuliwa kidogo na mkono hulegezwa. Ni wakati wa kuanzisha mpira tu ndipo mchezaji anayo nafasi ya kuviachia vile vidole vitatu ili kifundo kiwe huru, kisha arejee mara moja.

Utaniuliza: je, Wachina walioshika kibao kama kalamu? Swali lako ni la haki. Zhuang Zedong alishika hivyo, akawa bingwa wa dunia mwaka 1961, 1963 na 1965. Jan-Ove Waldner wa Sweden alishika kwa namna ya kupeana mkono, akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992. Quadri Aruna wa Nigeria, mwenye mshiko kama huo, alifika robo fainali ya Olimpiki mwaka 2016. Mwaka huohuo Ibrahim Hamadtou wa Misri, aliyepoteza mikono yote miwili, alicheza katika Michezo ya Walemavu ya Rio akikishika kibao kwa kinywa. Mifano hii haisemi kwamba kila mtu na ashike ovyo. Yasema kwamba njia ni zaidi ya moja, lakini kila aliyefika aliichagua yake, akaijua, akadumu nayo.

Basi usingoje zamu yako mezani. Tafuta kipande cha mbao, ukishike kama nilivyoeleza, udundishe mpira juu yake mara mia kwa upande huu na mara mia kwa upande wa pili, vidole vikiwa vyepesi. Nawe utakayekuwa mwalimu kesho, kabla ya kumwambia mtoto hana kipaji, mtazame kwanza mkononi.