Mgeni Akifika Barazani, Apewe Kete

Miaka mingi iliyopita, mwandishi wa safu hii alikwama Kutulo kwa siku tatu akisubiri lori la kumfikisha El Wak. Msomaji asiyeujua mji huo na atwae ramani, afuate kwa kidole barabara itokayo Wajir, apite Tarbaj, na kabla hajafika El Wak atakiona kituo hicho kidogo ambacho wengine hukiandika Kotulo. Nilikuwa mwalimu kijana, sina jamaa wala mwenyeji, na Kisomali changu kilikuwa cha maneno mawili ya salamu. Adhuhuri ya siku ya pili niliwaona wazee wameketi chini ya mgunga, wameuzunguka mchoro mchangani. Mmoja wao, bila kuniuliza jina wala kabila, alijisogeza kwenye mkeka na kupigapiga kwa kiganja mahali alipopaacha wazi. Nikaketi. Saa moja baadaye nilikuwa nimeshindwa mara mbili, na kila kete niliyoisukuma ilikuwa imesukumwa kwa shauri la watu sita.

Mchezo wenyewe huitwa shax, na herufi yake ya mwisho hutamkwa kwa h nzito ya kooni kama ile ya Waarabu. Huchorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha mistari ya kuiunganisha katikati ya kila upande. Hapo hupatikana vituo 24. Wachezaji ni wawili na kila mmoja ana kete 12, kwa hiyo wakimaliza kupanga hapabaki kituo kitupu hata kimoja, mpaka kila mmoja aondoe kete moja ya mwenzake ndipo mwendo uanze. Anayefaulu kuzipanga kete zake tatu kwa mstari, mpango uitwao jare, huichukua kete ya mpinzani. Gharama yake ni kokoto na vijiti vilivyookotwa papo hapo.

Lakini kanuni iliyonishangaza, na ambayo sijaisahau hadi leo, ni hii: ukimziba mwenzako pande zote hata asiwe na pa kusogeza kete, hujamshinda. Ni wajibu wako kusogeza ya kwako ili kumfungulia njia, na katika mwendo huo wa kumfungulia huruhusiwi kujinufaisha kwa kumnyang'anya kete. Wachezaji wa dama wataona ajabu, kwani katika dama anayezibwa ndiye aliyeshindwa. Wachungaji wa ngamia waliona kwamba mchezo ambao mmoja hawezi tena kucheza si mchezo.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu ya swali ambalo walimu wengi huniuliza: kwa nini vyama vya wanafunzi huanza kwa vishindo muhula wa kwanza na kufa kabla ya muhula wa tatu? Shule zetu hazina uhaba wa vyama. Kuna chama cha Kiswahili, cha maigizo, cha mijadala, cha wanyamapori (Wildlife Clubs of Kenya iliasisiwa mwaka 1968, kabla wengi wa walimu wa leo hawajazaliwa). Katiba zipo, vyeo vipo, hata mihuri ipo. Kisichokuwapo ni yule mzee wa kupigapiga mkeka. Mwanafunzi mgeni huingia, husimama karibu na mlango, huona wakongwe wakicheka kwa mambo asiyoyajua, hutajiwa ada ya uanachama kabla hajaulizwa anapenda nini. Wiki ya pili haji. Mlezi wa chama huandika katika ripoti yake kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana ari.

Sikubaliani naye. Tulipokuwa vijana, sisi tulioishi mbali na miji tulipata uraibu wetu kwa redio. Idhaa ya Taifa ilikuwa na vipindi vya salamu, na waliozituma, wengi wakitumia majina ya kujipachika, wakawa jamii moja ya watu wasiojuana kwa sura. Mtu wa Voi alimsalimu mtu wa Garissa, naye akamsalimu wa Busia. Baadaye waliunda vilabu, wakatembeleana, wakazikana na kuozana. Hapakuwa na mtihani wa kuingia humo. Ulihitaji kalamu, kadi na subira, na siku jina lako liliposomwa hewani kwa mara ya kwanza, juma lililofuata ulisalimiwa na watu watano usiowajua. Ukarimu ulikuwa ndani ya mchezo wenyewe, kwani hakuna mtuma salamu asiyemhitaji wa kumtumia.

Hata hivyo si vilabu vyote vilivyodumu. Kimoja nilichojiunga nacho, ambacho sitakitaja, kilipata mwenyekiti, kisha makamu wake, kisha mweka hazina na kamati ndogo ya nidhamu. Tukaanza kujadili nani alichelewa kutoa mchango na nani alimsalimu nani mara nyingi kupita kiasi. Wageni waliokuja walikuta mashauri badala ya salamu. Katika muda usiozidi mwaka tukabaki viongozi watupu. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza mwaka 1966 kuwauliza Wakenya redioni kama jambo fulani ni ungwana. Nadhani tungemwandikia kuhusu kilabu chetu angepata kipindi kizima.

Turejee kaskazini, maana huko suala la kumkaribisha mgeni halikomei kwenye burudani. Eneo hilo lilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi mwaka 1991, na haikuwa ajabu kumsikia mtu aendaye Nairobi akisema anakwenda Kenya. Mwalimu aliyepelekwa huko kutoka Kisii au Machakos alijiona yumo nchi nyingine, na wenyeji nao walimwona vivyo hivyo. Kisha yakaja mauaji. Novemba 2014 abiria 28 wa basi, wengi wao walimu, waliuawa karibu na Mandera. Desemba 2019 basi jingine lilivamiwa kati ya Wargadud na Kutulo, katika barabara ileile niliyoisubiria lori. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Madarasa yalibaki na wanafunzi bila mwalimu.

Katikati ya msiba huo lipo tukio ambalo kila mwalimu anapaswa kulisimulia darasani. Desemba 2015 wavamizi walilisimamisha basi karibu na El Wak na kuwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Tukio hilo ndilo kiini cha filamu ya Watu Wote ya mwaka 2017, iliyofika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Abiria wale hawakuwa chama, hawakuwa na katiba wala kadi za uanachama. Walikuwa wamekaa pamoja kwa saa kadhaa katika gari moja.

Naam, kuna atakayesema kwamba nachanganya mambo mazito na mchezo wa kokoto. Usalama wa mwalimu ni kazi ya serikali, si ya wazee wa shax, na hapo nakubali pasi na ubishi. Lakini ulinzi haumfanyi mwalimu atake kubaki. Nimezungumza na walimu waliokaa kaskazini miaka kumi na zaidi, na hakuna aliyenitajia posho ya mazingira magumu kuwa ndiyo iliyomweka. Mmoja alitaja timu ya kandanda ya jioni, mwingine jirani aliyemfundisha kuandaa chai ya maziwa ya ngamia. Waliohama upesi nao walikuwa na jibu moja: jioni zilikuwa ndefu.

Na lugha ina sehemu yake hapa. Wale wazee wa Kutulo walikuwa wakibishana kwa Kisomali, na nilipoketi walihamia Kiswahili, kibovu kwa baadhi yao, lakini walihamia. Hilo ni tendo dogo linaloumiza kidogo, kwa kuwa mzaha haunogi katika lugha ya pili. Katika vyumba vingi vya walimu nchini, kusini na kaskazini, wenyeji huzungumza kilugha mgeni akiwapo na kumwacha atazame kikombe chake. Hawana nia mbaya. Wamesahau tu kumfungulia njia mtu waliyemziba pande zote.

Sitaki pia kuupamba mgunga ule kupita kiasi. Siku zile tatu sikumwona mwanamke hata mmoja akicheza. Wasichana walipita na madumu ya maji, wakatazama kwa mbali, wakaenda zao. Ukarimu uliomfikia mwanamume wa kabila jingine haukumfikia binti wa nyumba ya pili. Na si kwamba wanawake wa eneo hilo hawajui kukusanya watu. Mwaka 1993, koo zilipokuwa zikiuana Wajir, kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, kilianza kwa mazungumzo ya kawaida na kikahakikisha kwamba soko la mji liko wazi kwa mwanamke wa ukoo wowote, auze na anunue bila kubughudhiwa. Kazi hiyo ilikua hata ikawapatanisha wazee wenyewe, na Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kifo chake. Chama cha shule kisicho na msichana mwenye kauli ndani yake kina mengi ya kujifunza kutoka soko lile.

Walezi wa vyama wanaoniandikia hutaka niwapangie kanuni. Sina kanuni, ila nina ombi. Mkutano wa kwanza wa muhula ujao usianze kwa uchaguzi wa viongozi. Uanze kwa shughuli yenyewe: kama ni maigizo, waigize; kama ni ushairi, watunge; na kila mkongwe akae na mgeni mmoja, amsaidie bila kumtendea kazi yake. Vyeo vingoje mwezi wa pili, watu wakishajuana. Ada ipunguzwe hadi kiasi ambacho mtoto wa mchungaji anaweza kukitoa, au ifutwe. Na mwalimu mgeni wa kituo, hasa yule aliyetoka mbali, apewe chama cha kulea katika wiki yake ya kwanza, kabla jioni hazijaanza kurefuka.

Lori langu lilifika siku ya tatu, alasiri, mchezo ukiwa katikati. Nilikuwa na kete saba, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naongoza.