Bastola kiunoni, mtoto mapajani

"Dada, naomba unisaidie. Nina bastola ya leseni kwa sababu ya biashara, narudi nyumbani usiku na fedha. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 3, mwingine 7. Nataka ala ya kuivaa ndani kabisa ya nguo, watoto wasiione. Mama yao amesema nikishindwa kumhakikishia usalama, nichague bastola au wao. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu ulinifikia wiki mbili zilizopita. Nilisita, maana hapa tumezoea kuzungumzia chanjo, homa na uji wa lishe. Lakini risasi ikimpata mtoto, anapelekwa hospitali ile ile. Kwa hiyo leo tuzungumze.

Ala za aina hiyo, ambazo wauzaji huziita holsta, zimetengenezwa zikae chini ya nguo. Zipo za kuchomeka ndani ya suruali huku shati likichomekewa juu yake, za mkanda mpana unaovutika kuzunguka tumbo, za mfukoni na za kwenye kifundo cha mguu. Wengi wakienda kununua huuliza swali moja tu: inaonekana? Kwa mzazi, hilo liwe swali la mwisho. Yako matatu ya kutangulia.

Je, inafunika triga?

Triga ni kile kidude kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Bastola nyingi za kisasa, Glock kwa mfano, hazina kitufe cha pembeni cha kuzifunga. Triga ikivutwa na risasi imo, inatoka. Ndiyo maana ala lazima iifunike triga yote kwa kitu kigumu, plastiki au ngozi nene, na iwe imetengenezwa kwa aina ya bastola uliyonayo. Kitambaa laini peke yake hakitoshi, kwa sababu triga inaweza kubonyezwa kupitia kitambaa.

Je, inaishika bastola?

Kabla ya kujaribu, peleka watoto nje na toa risasi. Toa magazini kwanza, kisha vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola na utazame ndani ya chemba kwa macho yako. Wengi husahau kwamba magazini ikitoka, risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba. Ukishahakikisha ni tupu, iweke kwenye ala, igeuze juu chini juu ya kitanda, itikise. Ikidondoka, usinunue. Mtoto anayekurukia mgongoni atakutikisa zaidi ya hapo.

Je, unaweza kukaa nayo kutwa nzima?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ala inayobana inaumiza. Kitu kigumu kikikandamiza eneo la nyonga kwa muda mrefu kinaweza kubana mshipa wa fahamu unaokwenda pajani, ukaanza kuhisi ganzi au kuwaka moto upande wa nje wa paja. Sasa mtu aliyeumia kutwa nzima, akifika nyumbani anafanya nini? Anaichomoa bastola na kuiweka juu ya friji, kwenye kochi au chini ya kiti cha gari. Hatari kwa mtoto inaanza pale inapovuliwa. Kwa hiyo ijaribu ukiwa umekaa, umeinama, umechuchumaa na umembeba mtoto. Ikikuumiza, itafute nyingine.

Jambo jingine la afya. Bastola ikivaliwa mbele ya kiuno, mtutu huelekea kinena na paja, kwenye mshipa mkubwa wa damu. Ncha ya shati ikiingia kwenye ala pamoja na bastola, inaweza kuvuta triga. Usiirudishe kwa haraka. Ni salama zaidi kuiweka bastola kwenye ala kwanza, kisha kuvaa ala yote kiunoni. Ajali ikitokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na mikono miwili, kwa nguvu, bila kuachia wala kuchungulia, huku mwingine akipiga 112 na kutafuta usafiri. Damu ya pajani inaweza kuua kwa dakika chache.

Kina mama mtaniuliza kuhusu mkoba, maana dera halina mkanda. Mwishoni mwa Desemba 2014, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, mama mmoja aliingia dukani na watoto. Bastola yake ilikuwa kwenye mkoba ulioshonwa mfuko maalumu wa kuifichia. Mwanawe wa miaka 2 aliingiza mkono, bastola ikafyatuka, mama akafa pale pale dukani. Bastola ilikuwa imefichwa vizuri sana kwa watu wa nje, lakini mkoba wa mama haujawahi kuwa siri kwa mtoto.

Mimi mwanangu ana miaka 2 na anajua kila mahali ninapoficha pipi. Hata wakubwa kidogo ni hivyo hivyo. Watafiti wa Atlanta, Marekani, waliwaacha wavulana wa miaka 8 hadi 12 kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2001, makundi 21 kati ya 29 yaliipata, na katika makundi 10 mmoja wao au zaidi alivuta triga. Wengi walioishika walikuwa wameshafundishwa usalama wa silaha. Mfundishe mwanao asiguse, aondoke, amwite mtu mzima. Ila usilitegemee somo hilo peke yake.

Kaka yangu uliyeniandikia, kanuni ya nyumbani ni fupi: bastola iko mwilini mwako ndani ya ala, au iko kwenye sefu iliyofungwa. Mahali pa tatu hapapo, iwe chini ya mto, juu ya kabati au juu ya tangi la choo "dakika moja tu". Ukienda msalani, ibaki ndani ya ala yake. Ukifika nyumbani, kabla hujampakata mtoto, nenda kwenye sefu, toa risasi, fungia. Risasi zikae kwingine, nazo zifungiwe. Ufunguo usining'inie nyuma ya mlango, na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Masharti ya leseni yako kuhusu kubeba na kutunza silaha, kayaulize kituo cha polisi, usiulize kijiweni.

Na msikilize mama watoto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema nyumba salama kuliko zote kwa mtoto ni isiyo na silaha kabisa. Jiulize kama fedha zile haziwezi kupelekwa benki mchana, au kulipwa kwa simu, ili usiku urudi mikono mitupu. Huenda shida yako ni fedha za usiku, wala si ala.

Nilimjibu hivyo. Juzi ameniandikia tena. Amenunua sefu, fundi ameifunga ukutani kwa boliti. Ala bado hajanunua, na nusu ya wateja wake sasa wanalipa kwa simu. Nikamuuliza mkewe anasemaje. Akajibu: "Bado hajasema. Ila jana usiku alikwenda mwenyewe kuhakikisha kama sefu imefungwa."