Ahadi Mbele ya Hakimu

Watu wengi wakisikia ya kuwa fulani ametoka kortini na kupewa probesheni, husema kwamba amesamehewa. Sivyo. Hakusamehewa wala hakufungwa. Amewekwa chini ya uangalizi, na mlango wa gereza haujafungwa nyuma yake.

Sheria ya jambo hili ilitungwa Kenya mwaka wa 1943, na kazi yenyewe ikaanza mwaka wa 1946. Muda wa uangalizi haupungui miezi 6 wala hauzidi miaka 3. Kabla ya kutoa amri, hakimu hana budi kumweleza mtu masharti yake kwa maneno mepesi, na mtu huyo akubali kuyafuata. Asipokubali, amri haitolewi. Basi probesheni ni ahadi, na ahadi ni deni.

Masharti si mengi: asifanye kosa jingine; aonane na ofisa wa probesheni kila aitwapo; akae mahali palipotajwa. Korti yaweza kuongeza mengine, kama vile kuacha pombe.

Sharti la makazi ndilo linalowakwaza wengi. Mfano ni huu. Kijana aliiba kahawa ya jirani, akapewa miaka 2 ya uangalizi. Baada ya miezi michache akapata kazi ya dukani katika mji mwingine, akaenda zake bila kumwarifu ofisa, akidhani kwamba kazi ya halali haina kosa. Ofisa alipofika nyumbani, baba mtu akajibu, "Yuko shambani tu." Mzee alidhani anamwokoa mwanawe, kumbe anamwangamiza.

Kazi haikuwa kosa. Kosa ni kuondoka kimya. Kwa ajili hiyo kijana aweza kukamatwa na kurudishwa kortini. Hakimu aweza kumtoza faini huku amri ikiendelea, au amhukumu kwa ule wizi wa kwanza, ambao yeye alidhani umekwisha sahauliwa. Na haya yote yangaliepukwa kwa neno moja. Kama angalimwendea ofisa kabla ya kufunga mizigo, korti ingaliweza kuibadili amri, na uangalizi ukahamia huko aendako.

Yafaa ijulikane pia kwamba ofisa huyo si askari wa kuvizia. Sheria imemwagiza amshauri mtu, amsaidie, awe rafiki yake, na ikihitajiwa amtafutie kazi. Kumkimbia ni kumkimbia msaidizi.

Jamaa na majirani nao wana sehemu yao. Wasimfiche mtu huyo, wala wasimwite mwizi kila apitapo njiani. Wamkumbushe siku yake ya kuonana na ofisa, na wampe jembe ashike. Muda ukitimia bila kosa, deni limelipwa, naye amelipa akiwa nyumbani kwake, akilima shamba lake na kulea watoto wake.