Ukienda Barolo, uliza nani kachuma zabibu

Rafiki yangu mmoja, mtu wa benki, kanitumia ratiba ya safari ya Italia aliyoandaliwa na wakala mmoja wa hapa mjini. Siku tatu kwenye vilima vya Barolo, wazalishaji 12 wa mvinyo, kasri mbili, chakula cha mchana chenye uyoga wa bei mbaya, na dereva mwenye gari jeusi. Ananiuliza naionaje. Nimeona nimjibu hadharani, maana najua hayuko peke yake. Vijana wenye vijisenti vyao wameshachoka kupiga picha kwenye maduka ya Dubai, sasa wanataka kupiga picha na glasi ya mvinyo mwekundu. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na hiyo ratiba.

Tuanze na hesabu ndogo tu. Wazalishaji 12 kwa siku tatu ni wanne kwa siku. Kila mmoja atakumiminia glasi nne au tano. Hapo umefika glasi 20 kwa siku, na wala si togwa hiyo jamani. Zabibu ya Barolo inaitwa Nebbiolo, na mvinyo wake una ukakasi unaokamata ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Wanaojua kazi yao huonja na kutema. Wewe hutatema, umelipia! Kufika mzalishaji wa tatu ulimi umekufa ganzi, unabaki kutikisa kichwa na kusema "mzuri sana" kwa kila kinachoingia mdomoni. Wa nne angeweza kukuwekea juisi ya rozela na usingejua.

Kwa wasiopajua, Barolo ni kijiji kidogo katika mkoa wa Cuneo, jimbo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Vilima vyake vinaitwa Langhe, na mji mkubwa wa karibu ni Alba. Mvinyo unaobeba jina la Barolo lazima utoke kwenye eneo la vijiji 11 tu, na ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Ukitaka kuandikwa Riserva ni miezi 62. Halafu si mwekundu wa kutisha kama unavyofikiria. Ni hafifu, unaonyesha vidole upande wa pili wa glasi, kama chai ya rangi iliyochujwa vizuri. Watu wengi wakiuona mara ya kwanza hudhani wametapeliwa.

Sasa kitu kinachochukua miezi 38 ndani ya ghala, wewe unataka kukimaliza kwa dakika 40 halafu ukimbilie gari? Lakini haraka ndiyo kasoro ndogo. Kasoro kubwa ya hiyo ratiba ni kwamba kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hakuna binadamu anayefanya kazi. Kuna "mandhari", kuna "urithi wa dunia" (kweli, UNESCO iliviweka vilima hivi kwenye orodha yake mwaka 2014), kuna "familia yenye historia ya karne nyingi". Mtu mwenye mkasi wa kupogolea mkononi na matope kwenye viatu hayumo. Kama vile zabibu zinashuka zenyewe kutoka mlimani na kuingia kwenye pipa.

Na historia yenyewe ya Langhe si ya mabwana kwenye kasri. Ni ya njaa. Beppe Fenoglio, mwandishi aliyezaliwa Alba, alitoa mwaka 1954 kitabu kifupi kinachoitwa La malora, kuhusu kijana anayepelekwa na wazazi wake kutumika kwenye shamba la mtu mwingine kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Mwaka 1977 Nuto Revelli naye akachapisha Il mondo dei vinti, kitabu kikubwa cha sauti za wakulima wa mkoa huo huo wa Cuneo, wazee waliosimulia umaskini wao wenyewe kwa midomo yao. Ni juzi tu, wazazi wa hao wanaokupokea leo kwa viatu vya ngozi walikuwa wanahesabu senti. Kiwanda cha chokoleti cha Ferrero pale Alba kilikuwa kikipeleka mabasi vijijini kuchukua wafanyakazi na kuwarudisha, na wengi waliweza kubaki na vishamba vyao kwa sababu ya mshahara ule. Leo hekta moja ya shamba zuri la Barolo inazidi bei ya euro milioni moja. Haya ni mageuzi ya kizazi kimoja au viwili, na mimi sina kinyongo nayo hata kidogo. Mkulima akitajirika kwa jasho lake nampigia makofi.

Swali ni hili: mjukuu wa kibarua akishakuwa tajiri, kibarua mpya ni nani?

Ukienda Alba utamwona. Wengine wametoka Makedonia Kaskazini na nchi nyingine za Ulaya ya mashariki. Wengine ni Waafrika, vijana wa Senegal, Gambia, Mali. Wengi hawaajiriwi na mwenye jina kwenye chupa. Wanaletwa na kampuni za kati, zile ambazo Waitaliano wenyewe wanaziita vyama vya ushirika visivyo na ardhi. Hazina shamba wala mzabibu hata mmoja, bidhaa yao ni mikono ya watu. Katika mlolongo huo ndimo anamojificha caporale, ambaye sisi tunamjua kwa jina letu la siku nyingi, nyapara. Anakusanya watu alfajiri, anawapakia kwenye gari, anakata chake kwenye ujira wao, na ukilalamika kesho huitwi.

Hili si la kusingizia. Julai 2024 polisi wa Cuneo walitangaza matokeo ya uchunguzi wa unyonyaji wa vibarua katika mashamba ya eneo la Alba, watu wakakamatwa, na video ikaonekana ya mfanyakazi akipigwa kwa nondo. Kwa nondo, wadau! Si Misri ya mafarao, ni mwaka 2024, kwenye vilima ambavyo wakala wetu ameandika vina "utulivu wa kipekee". Sheria ipo tena kali. Sheria namba 199 ya mwaka 2016 inamfunga mwaka mmoja hadi sita nyapara na pia mwajiri anayemtumia, na adhabu inapanda kukiwa na vitisho au vipigo. Nayo haikuja bure. Julai 2015 mama mmoja wa miaka 49 alianguka na kufa akiwa kazini kwenye shamba la zabibu huko Andria, kusini kabisa mwa Italia, na kifo chake kikawa moja ya sababu zilizolisukuma bunge. Waitaliano wengi walipenda kuamini kwamba mambo hayo ni ya kusini, kwenye nyanya. Alba ikawaumbua.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila chupa ya Barolo ina damu. Wapo wazalishaji wengi wenye hekta chache ambao wanapogoa wenyewe, wao na watoto wao na vibarua wawili wanaowajua kwa majina miaka nenda rudi. Chama cha wazalishaji kimeshiriki kuanzisha mpango unaoitwa Accademia della Vigna, wa kufundisha na kuajiri wafanyakazi wa mashambani kwa mikataba halali. Na pale Barbaresco, jirani tu, kuna ushirika ulioanzishwa mwaka 1958 na paroko wa kijiji pamoja na wakulima 19, kwa sababu wakulima wadogo walikuwa wakinyongwa bei ya zabibu. Produttori del Barbaresco bado wapo, bado ni ushirika, na mvinyo wao unaheshimika dunia nzima. Nimeangalia ratiba ya rafiki yangu mara mbili. Hawamo. Wamewekwa wenye maghala yaliyochorwa na wasanifu majengo.

Najua nitakachojibiwa. "Bwana, mimi nakwenda likizo, mimi si mkaguzi wa kazi." Sawa. Lakini ukinunua samaki feri unauliza kavuliwa lini, ukinunua kitenge Kariakoo unauliza kimetoka wapi, na ukikodi nyumba unamuuliza dalali maswali mpaka anatoka jasho. Kwa nini ukifika kwa mzungu ghafla unakuwa mpole? Mtu anakutoza makumi ya euro kuonja glasi nne, na wewe unaona haya kumuuliza nani kachuma? Huo si ustaarabu, ni woga uliovaa tai.

Jibu la pili huwa: "Watalii wenyewe wa Kizungu hawaulizi." Kweli, wengi hawaulizi. Ila wao wakikatiza mtaa wa Alba hakuna atakayewadhania vibarua. Wewe na yule kijana wa Gambia mnapishana kwenye njia ile ile mkiwa na rangi moja, na tofauti yenu iko kwenye karatasi. Wewe umelipia viza ya Schengen, euro 90 tangu Juni 2024, na bima inayofika euro 30,000, na taarifa za benki za miezi kadhaa. Wapo pia vibarua walioingia kwa karatasi halali: Italia ilipanga kuingiza wafanyakazi 452,000 kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kati ya mwaka 2023 na 2025. Lakini utaratibu wenyewe unamfunga mtu kwa mwajiri aliyemwombea, na kesi za mtu kufika na kukuta mwajiri kayeyuka zimejaa. Akishakosa kibali ni mali ya nyapara. Sasa ukishayajua haya, huo uyoga utashuka kooni bila swali?

Haya, basi tupange upya.

Kwanza muda. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, lakini Langhe ni mara moja tu. Dolcetto huanza Septemba, Nebbiolo huja nyuma, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Wakala kachagua Novemba kwa ajili ya maonyesho ya uyoga mweupe wa Alba, wakati hoteli zimepanda bei na mashambani hakuna mtu. Mimi ningekwenda mwanzoni mwa Oktoba. Ni kweli wazalishaji wanakuwa na shughuli na wengine watakataa wageni. Vizuri, angalau watakuwa wanafanya kazi. Weka miadi na wawili tu, mmoja kwa siku, na andika wiki kadhaa kabla kwa sababu hawa watu hawapokei anayebisha hodi tu.

Pili usafiri. Treni inatoka Torino hadi Alba kupitia Bra, safari ya saa moja na ushei. Barolo kwenyewe hakuna stesheni, ni kama kilomita 15 kutoka Alba, na mabasi ni ya kuhesabu. Wanaosema wakodi gari waendeshe wenyewe wakumbuke kikomo cha pombe Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Kaa La Morra au Barolo, tembea kwa miguu. Njia za kati ya vijiji zinapita katikati ya mizabibu yenyewe, na kwa kasi ya miguu utaona nani yuko shambani, wangapi, na wamefikaje. Kwenye dirisha la gari jeusi huoni kitu.

Tatu maswali, tena yaandike kwenye barua pepe ile ile ya kuomba miadi. Nani anapogoa na kuvuna mashamba yenu? Mnawaajiri wenyewe au mnatumia kampuni ya kati? Wakati wa mavuno wanalala wapi? Mwenye nyumba safi atakujibu kwa mistari mitatu na pengine atafurahi kuulizwa. Atakayekujibu kwa kukutumia picha ya kasri wakati wa machweo, mruke, wapo mamia wengine. Na usione aibu kuagiza Dolcetto au Barbera mezani badala ya Barolo. Ndivyo wenyeji wanavyokunywa siku za kazi, na mfuko utakushukuru.

Ombi la viza linapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na wakikukataa zile euro 90 hazirudi. Kwa hiyo rafiki yangu anza na hilo wiki hii. Wakala mrudishie ratiba yake, na umwombe na hela ya kianzio.