Lau Panya Angekuwa Kifaru

Nimechoka na hadithi za lau. Si zote. Nimechoka na moja hasa: ile ambayo Ujerumani ya Hitler haisalimu amri Mei 1945, vita vinaingia 1946, na kifaru cha E-100 chenye uzito wa tani 140 kinateremka bondeni huku makombora ya adui yakigonga deraya yake na kudunda kama mawe ya watoto kwenye bati. Hadithi hii imo katika riwaya, imo YouTube, imo katika michezo ya kompyuta kama World of Tanks, ambamo kijana wa Mwanza au Mombasa anaweza kukiendesha kifaru hicho hadi alfajiri kwa bando la usiku. Wanaoipenda husema ni burudani tu, chuma ni chuma.

Tuanze na hicho chuma, maana hata hapo tunadanganywa. E-100 hakikukamilika. Majeshi ya Washirika yalikuta bodi lake tu karibu na Paderborn, halina hata mnara wa mzinga. Ndugu yake aliitwa Maus, yaani panya, na alikuwa na tani 188. Vilitengenezwa viwili tu, vya majaribio. Kwa kuwa madaraja yasingeweza kukibeba, wahandisi wa Ferdinand Porsche walipanga kivuke mito kwa kupita chini ya maji: kimoja kizame, kingine kibaki ukingoni kikikipelekea umeme kwa kebo, kisha vibadilishane zamu. Huku wenzao wa Urusi wakimwaga T-34 kwa makumi ya maelfu, Ujerumani haikufikisha hata Tiger II 500. Na hizo chache nazo zilikuwa na kiu. Desemba 1944, huko La Gleize nchini Ubelgiji, kikosi cha SS cha Joachim Peiper kiliishiwa mafuta, kikatelekeza vifaru vyake na kuondoka usiku kwa miguu. Tiger II mmoja bado yupo kijijini hapo, watalii wanapiga naye picha.

Mtetezi wa lau atanijibu kwamba ndiyo maana ya kufikiria: tuwape mafuta, tuwape muda, tuone. Haya, tuwape. Mafuta yatoke wapi? Mwaka 1942 Hitler aliyafuata Caucasus kwa bunduki, kwa hiyo ukimpa visima umempa na wenyeji wake. Na mikono ya kazi? Kufikia 1944 Ujerumani ilikuwa na wafanyakazi wa kigeni zaidi ya milioni 7, wengi wao wakiwa wamelazimishwa. Krupp, kampuni iliyoshiriki kuunda Maus, mkuu wake alitiwa hatiani Nuremberg mwaka 1948, na kuwatumikisha watu kitumwa ni miongoni mwa makosa yake. Kila kifaru unachokiongeza katika hadithi yako, kiongezee na watumwa wake.

Kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Tangu 1934 chama cha Wanazi kilikuwa na ofisi ya siasa za makoloni chini ya Franz Ritter von Epp, afisa aliyewahi kupigana dhidi ya Waherero katika nchi ambayo leo ni Namibia. Miongoni mwa nchi walizotaka zirudi mikononi mwao ilikuwemo Tanganyika. Kijana wa Mwanza anayeshangilia E-100 anashangilia kurudi kwa bwana wa babu yake.

Bayume Mohamed Husen alimjua bwana huyo kwa karibu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawatumikia Wajerumani jeshini angali mtoto, akahamia Berlin 1929, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu zao. Mwaka 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakamfunga katika kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 1944, mwezi mmoja kabla Peiper hajaishiwa mafuta. Kambi ile ilikombolewa Aprili 1945. Hapo ndipo hadithi ya lau inaponiudhi: kila mwezi unaovirefusha vita ili kifaru chako kitoke kiwandani, unaufunga mlango wa Sachsenhausen kwa mwezi mwingine.

Sisemi watu waache kuandika historia mbadala. Mwaka 1962 Philip K. Dick alichapisha *The Man in the High Castle*, riwaya ambayo Wanazi wameshinda. Hakupoteza muda kupima unene wa deraya. Aliuliza watu wamefanywa nini, na kwa Afrika jibu lake ni maangamizi. Hiyo ndiyo lau iliyokomaa: imekubali kwamba ushindi una wenyewe na una wahanga.

Basi andika. Lakini kifaru kikipita katika ukurasa wako wa kwanza, kufikia wa tatu nataka kujua nani alikichomelea na nani atatawaliwa nacho. Ukishindwa, muache Maus alipo: kwenye makumbusho ya Kubinka, karibu na Moscow, bodi la kimoja na mnara wa mwenzake, kwa sababu katika vyote viwili hakikupatikana hata kimoja kizima.