Sheria Isiachiwe Wanasheria Pekee

Aghalabu jina la Profesa Issa Shivji linapotajwa vyuoni, wanaotega sikio ni wanafunzi wa sheria na wa siasa. Wanakiswahili hudhani ngoma hiyo si yao. Dhana hiyo yafaa kusahihishwa.

Shivji alizaliwa Kilosa, Tanzania, mwaka 1946. Alipata shahada ya kwanza ya sheria Dar es Salaam, ya uzamili London, na ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982. Alifundisha sheria chuoni humo hadi alipostaafu mwaka 2006, kisha kati ya 2008 na 2013 akakalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika taaluma za Umajumui wa Afrika. Utafiti wake umejikita katika tabaka la wafanyakazi, katiba, haki za binadamu na ardhi.

Ni katika suala la ardhi ambapo mwanakiswahili ana la kujifunza. Mwaka 1991 Shivji aliteuliwa kuongoza Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi. Wakulima na wafugaji walitoa malalamiko yao kwa Kiswahili. Ripoti ikachapishwa kwa Kiingereza. Tume ilipendekeza ardhi ya kijiji imilikiwe na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria mbili za mwaka 1999, zilizoandikwa vilevile kwa Kiingereza, zilimbakisha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote.

Huenda ikadaiwa kuwa kilichopigania nafasi hapo ni mamlaka, wala si lugha. Ni kweli. Hata hivyo, mkulima asiyeweza kuisoma sheria atajuaje kuwa alichokisema kiliachwa nje? Lugha haikuzua dhuluma, lakini iliisitiri.

Shivji mwenyewe hakuipuuza lugha ya wananchi. Mashairi yake ya Kiswahili yalichapishwa mwaka 2019 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Ida Hadjivayanis. Hapo Kiswahili ndicho asili, na Kiingereza ndicho kilichofuata nyuma.

Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali miswada mingi bado huandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuziba pengo hilo haiwezi kufanywa na mawakili peke yao. Idara za Kiswahili hazina budi kuzikubali istilahi na tafsiri za kisheria kuwa uwanja halali wa tasnifu za uzamili, nazo shule za sheria ziwafungulie milango wanaisimu na wafasiri.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Raia anayetetea shamba lake kwa lugha asiyoimudu huingia mahakamani nusu uchi.