Kabla Hujaniambia Nitazame, Niambie Inasema Lugha Gani

Likizo ya Agosti ikianza, simu yangu hujaa majina ya filamu. Binti yangu aliye Nairobi hutuma matatu kwa mpigo, mpwa wangu wa Embu mjini hutuma lake, na akina mama wa chama chetu hutumiana kwenye WhatsApp yale waliyoonyeshwa na watoto wao. Karibu yote huja na sifa moja tu: "Hii ni moto, usikose." Sina shaka ni moto. Ninachotaka kujua ni inasema lugha gani, na kama mama mkwe wangu ataweza kukaa nayo sebuleni hadi mwisho.

Mama mkwe amepita miaka 80. Alizaliwa, akaolewa na kuzeekea huku Mbeere, kaunti ya Embu, na wakati wake msichana kupelekwa shule halikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo hasomi. Anaongea Kimbeere, anaelewa Kikuyu na sehemu kubwa ya Kikamba, na Kiswahili chake ni cha sokoni na redioni, kizuri kabisa. Wajukuu wanaokuja kutoka Nairobi wanaongea Kiingereza na Sheng. Mimi nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu. Sote tuna runinga moja. Mtu akinipendekezea filamu ya Kikorea yenye maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya skrini, amenipendekezea mimi na wajukuu. Cucu, nyanya yao, amemtoa sebuleni.

Naye hutoka kweli. Kwenye vituo vyetu vikubwa vya runinga, habari za Kiswahili ni saa moja jioni na za Kiingereza ni saa tatu usiku, na kwa miaka mingi hiyo saa tatu ndiyo imekuwa saa yake ya kulala. Nyumbani tulizoea kusema amechoka. Kisha ikaja Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir akapiga marufuku muguka katika kaunti yake. Huku kwetu Kiritiri, Mbeere, tunakoyalima majani hayo ya kutafuna, muguka ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo dawa za hospitali. Mama mkwe alifuata kila neno la taarifa ya saa moja, akamjibu gavana kana kwamba wameketi pamoja, na Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku ile alitaka aelezwe jaji amesema nini hasa, neno kwa neno. Uchovu sikuuona. Mtu huyu anapenda hadithi, anakumbuka majina, anajua nani amedanganya kabla sisi hatujajua. Kinachomlaza ni lugha ambayo hakupewa nafasi ya kujifunza.

Kuna pia heshima ya ukwe. Huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanachungiana macho na maneno. Binti yangu akija na mumewe Desemba, sebule inakuwa na vizazi vinne. Filamu ikifika pale ambapo wawili wanaanza kufunguana vifungo, mkwe wangu huinuka kwenda kuangalia mbuzi, watoto hutazama dari, na anayeshika rimoti hajui abonyeze wapi. Aliyependekeza filamu ile alikuwa ameitazama peke yake kitandani kwa simu. Angeniambia tu, "Mama, hii si ya mbele ya mkwe," ningemshukuru na kuiweka kwa siku nyingine.

Na bando ni pesa. Saa moja ya picha ya kawaida kwenye Netflix hula takriban GB 1, na ya picha safi zaidi hadi GB 3. Septemba 2021 kampuni hiyo ilifungua mpango wa bure kwa simu za Android hapa Kenya, kisha ikaufunga Novemba 2023, na waliokuwa wameuzoea wakarudi kwenye kuhesabu bando au kwenye duka la kujaziwa filamu kwenye flashi. Kwa hiyo anayenitumia jina la filamu ananiomba nitumie pesa na jioni nzima ya watu wa nyumba. Ni haki yangu kumwuliza maswali.

Zamani filamu haikuja na jina tupu. Gari la sinema lilipofika sokoni, picha ikatupwa kwenye shuka jeupe, palikuwa na mtu mwenye maikrofoni aliyetueleza yanayoendelea kwa lugha yetu. Ile filamu ya Yesu ya 1979 imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000 duniani, Kikuyu na Kiswahili zikiwemo, na mama mkwe huihadithia tukio kwa tukio hadi leo. Baadaye akaja DJ Afro, akaanza kusimulia filamu za kupigana za Wahindi na Wachina kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na vibanda vya video nchi nzima vikajaa. Uganda wana wasimulizi wao, wanaowaita VJ, na Tanzania walikuwa na Lufufu. Walimu wenzangu wengi waliwadharau watu hawa, wakisema wanaharibu filamu na lugha pia. Mimi naona walifanya kazi ambayo wenye filamu walikataa kuifanya: waliwafungulia mlango watu wasiosoma Kiingereza.

Wasanii wetu wenyewe wanalijua hilo. Katika Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka 2012 na kuwa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya lugha za kigeni, kijana Mwas anauza filamu kijijini kwao kwa kuziigiza mbele ya wateja. Anaruka, anaanguka, anabadilisha sauti, na watu wananunua kwa sababu wameshaonja. Hapo ndipo ninapopenda kuwaelekeza vijana: mkitaka tutazame kitu, kihadithieni kidogo kama Mwas. Filamu yenyewe naipenda sana, inasema Kiswahili, Sheng na Kikuyu, na Joseph Wairimu aliyeigiza Mwas anakufanya umwogopee kama mwanao aliyepanda matatu kwenda Nairobi asikokujua. Lakini ina matusi, ina damu na ina mambo ya chumbani. Itazameni watoto wakishalala na wakwe wakishaenda kwao.

Ya kutazama watu wote ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Msichana mdogo, Jo, ni mgonjwa asiye na tiba, na anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale wa sinema. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Mmoja wa wanaomsaidia ni Mike, kijana wa kibanda cha video anayewasimulia watu filamu kwa maikrofoni. Wajukuu walimpenda Jo, mama mkwe akampenda Mike, nami nikabaki na mama yake Jo, ambaye mwanzoni anataka mtoto akae kitandani apumzike, asicheze. Nimefundisha watoto wagonjwa, najua mzazi anavyobana mtoto kwa sababu ya hofu. Filamu ina dakika 74, haichoshi mtu, na watoto wa Berlin waliokuwa waamuzi kwenye tamasha la huko mwaka huo waliitaja kwa heshima ya pekee. Mwambieni mapema anayetazama kwamba atalia. Mtu aliyefiwa na mtoto hivi karibuni msimwekee kabisa.

The First Grader nitaisema kwa haraka. Inamhusu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya Kibaki kuondoa karo ya shule za msingi. Oliver Litondo ameigiza vizuri na kisa ni cha kweli. Tatizo langu ni kwamba filamu kuhusu mzee asiyejua kusoma inasema Kiingereza muda mwingi, hata mzee mwenye umri wake aliyeketi Kiritiri asiambulie. Niliitafsiri mwenyewe, nikisimamisha kila mara, na mama mkwe aliuliza jambo moja: kwa nini mwalimu hakumsomea ile barua ya serikali, ambayo mzee hakuweza kuisoma mwenyewe, siku ya kwanza? Nimefikiria sana swali hilo.

Country Queen, mfululizo wa kwanza wa Kenya kutolewa na Netflix, ulioanza Julai 2022, ni wa wanawake watu wazima. Akisa anarudi kijijini alikozaliwa na kukuta kampuni ya madini ikiwanyang'anya watu ardhi. Umechanganya lugha kadhaa, Kikamba kikiwemo. Hapa kwetu, ambako kesi za mashamba zinazeesha watu, mazungumzo yatakuwa marefu kuliko vipindi vyenyewe. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King nayo ni nzito zaidi: nyanya wa pwani anashutumiwa uchawi na jamaa zake mwenyewe, na nyuma ya shutuma kuna ardhi. Ni ya kweli, si ya kuigiza. Ukiwa na mzee nyumbani, itazame wewe kwanza. Mimi niliitazama peke yangu, na bado sijaamua kama nitamwonyesha mama mkwe, maana sijui atalala vipi usiku huo.

Vijana wakitaka kitu cha nje ya Kenya, The Boy Who Harnessed the Wind ya Chiwetel Ejiofor, iliyotoka Netflix 2019, inatufaa. Ni kisa cha William Kamkwamba wa Malawi, aliyetengeneza kinu cha upepo wakati wa njaa kwa sehemu za baiskeli na kitabu cha maktaba. Mwana na baba wanagombana juu ya baiskeli ile, na ugomvi wao unaeleweka hata ukizima sauti. Huku, ambako nyaya za umeme wa Masinga, Kamburu na Kiambere zinapita juu ya mashamba ya watu, mwanafunzi wa kidato cha pili atakuwa na maswali mengi.

Lakini filamu ninayowasihi watu wa Mbeere waitafute ni Thank You for the Rain, ya 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, akajipiga picha yeye, mkewe na watoto wao kwa miaka: ukame, kisha mafuriko, kisha dhoruba inayoezua nyumba yao, kisha kazi ya kuwashawishi majirani wapande miti. Mwishowe anafika kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris wa 2015, mkulima mmoja kati ya wanasiasa wa dunia. Ng'ambo ya mto Tana ni Kitui. Udongo ule ni udongo wetu, ndengu zile ni zetu, na Kikamba kile mama mkwe alikisikia bila kutafsiriwa. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini akayapuuza. Kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa akiwaeleza wajukuu kinachosemwa, nao wakinyamaza kumsikiliza. Hakuna simu iliyonipendekezea filamu hiyo. Simu haijui kwamba bibi wa Kiritiri anaelewa Kikamba. Jirani anajua.

Ndiyo maana nasema na wenye filamu wa Nairobi pia. Mnapata fedha za kutafsiri kazi zenu ili Wajerumani na Wafaransa wasome chini ya skrini. Tieni sauti ya Kiswahili safi, mtu mmoja mwenye maikrofoni anatosha, na kama mnaweza, za Kikamba, Kiluo, Kimbeere. Wachukueni vijana hawa wa vibanda na maduka ya flashi, wenye vipaji vya kusimulia, muwaajiri kwa mkataba wauze nakala halali kwa bei ya huku. Sasa hivi wananakili filamu zenu bila ninyi kupata senti, na mimi filamu ya Mkenya siichukui kwa flashi, najua kuna mtu alikopa ili aitengeneze. Lakini mkiniuzia kazi ambayo nusu ya nyumba yangu haiisikii, mnaniuzia nusu.

Baada ya ile filamu ya Kisilu, mama mkwe aliihadithia kanisani, akaihadithia kisimani, jinsi upepo ulivyoondoka na paa na mke alivyosema mbele ya mumewe bila kuogopa. Aliwaambia wenzake ni ya Kikamba, haina aibu, na mtoto anaweza kukaa. Jina lake hakulikumbuka. Wazee wawili wa kike walifika kwangu kuuliza ile ya Mkamba na mvua itaonyeshwa tena lini. Nikawaambia Jumapili baada ya ibada, waje na wajukuu wao, kisha nikampigia binti yangu anitumie bando.